Kabla ya kushusha gari Mara, nunua shokapu

Anayesafiri mara kwa mara kati ya Musoma na Bunda anaujua mlio huo. Gari dogo linapanda tuta, magurudumu ya mbele yanateremka upande wa pili, kisha chuma kinakwaruza lami. Mara nyingi si gari lililojaza abiria. Ni Vitz, IST au Mark X iliyooshwa vizuri, rimu zinang'aa, na uwazi kati ya tairi na fenda hauingizi vidole viwili. Dereva alishapunguza mwendo, akalipanda tuta kwa mshazari, na bado limegusa.

Katika mkoa wa Mara, kama kwingineko Tanzania, desturi ni kuinua gari. Mtu akinunua gari dogo la Kijapani, ushauri wa kwanza anaopewa na jirani ni kuweka spesa ili lisiguse chini. Lakini kipo kizazi cha vijana wanaopenda gari lililokaa chini, pamoja na watu wazima wachache wanaoona haya kukiri hivyo. Wameyaona magari ya namna hiyo Dar es Salaam na Nairobi, wameyaona kwenye video za Japani, nao wanataka la kwao lionekane hivyo likiegeshwa Mukendo, mjini Musoma, Jumamosi jioni. Je, wanakosea?

Msimamo wa safu hii ni kwamba hawakosei. Hakuna ubaya kupenda gari la chini, wala si lazima mtu awe tajiri ili alipate. Ila gari linalopeleka watoto shule asubuhi na kuwahisha mgonjwa hospitali usiku lishushwe kidogo, sentimita 2 au 3 tu, na shilingi ya kwanza iende kwenye shokapu. Springi zije baadaye. Anayeanza na springi kwa sababu ndizo zinazobadilisha sura ya gari ataishia kulipa mara mbili, na malipo ya pili yatatoka kwenye pesa ya nyumbani.

Kukata na kuchoma

Njia ya bei ya chini kabisa haina hata risiti. Fundi anaifungua springi, anachukua grainda, anakata duara moja, anairudisha. Njia nyingine ni ya moto: springi inabaki humo humo garini, inachomwa kwa gesi hadi iwe nyekundu na gari linakaa lenyewe. Zote mbili humalizika kabla ya chakula cha mchana, na mwenye gari huondoka amefurahi.

Springi ni chuma kilichopikwa kwa kipimo. Kiwandani hupashwa moto mkali, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili iwe ngumu bila kuwa kavu ya kuvunjika. Moto wa gereji unaifuta kazi hiyo yote mahali ulipogusa. Palipoungua panabaki laini na kuendelea kulegea kila siku, na pembeni mwake chuma kinakuwa kikavu. Tena hakuna fundi, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kuchoma springi mbili kwa macho zikafanana. Ndiyo maana gari lililochomwa springi huanza kuegemea upande mmoja baada ya muda. Siku springi inapokatika, ncha yake inaweza kuchana tairi gari likiwa mwendoni, na barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, yenye malori na mabasi ya kwenda mpakani, si mahali pa kupasukiwa na tairi.

Kukata kuna madhara ya aina nyingine. Springi yenye duara 6 zinazofanya kazi, ikikatwa moja, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20, kwa sababu waya mfupi hukataa kukunjika. Kwa hiyo gari linashuka na papo hapo linakuwa gumu. Shokapu iliyopo, ambayo ilipimwa kutuliza springi laini, haiwezi tena kuituliza hii mpya. Gari linadunda. Kisha kuna kikalio: ncha ya springi kiwandani hutengenezwa ikae sawasawa kwenye sahani yake, na iliyokatwa kwa grainda haikai. Gurudumu likining'inia, iwe shimoni au juu ya jeki, springi fupi inalegea na inaweza kuchomoka mahali pake.

Mafundi wengi wa Musoma na Bunda wanayajua haya yote. Wanakata kwa sababu mteja amekuja na pesa ya kukata. Lawama isiwe yao peke yao.

Hesabu ya tuta

Watu hubishana juu ya gari la chini kwa maneno ya ladha, wakati jambo lenyewe linapimika kwa futi ya fundi.

Magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani yana uwazi wa takriban sentimita 15 kati ya tumbo na ardhi. IST ya kwanza ina mita 2.5 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Sasa chukua tuta. Tuta lililojengwa kitaalamu, lile la mgongo mpana lililobuniwa na watafiti wa barabara wa Uingereza miaka ya 1970 na kuigwa nchi nyingi, lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10. Kwa sababu ni refu kuliko nafasi iliyo kati ya magurudumu, gari linalipanda lote. Ukipiga hesabu ya mviringo wake, linahitaji karibu sentimita 5 tu za uwazi chini ya tumbo. Gari lililoshushwa kwa kiasi linapita bila kugusa.

Tatizo ni tuta jingine: lile fupi, lenye ncha, lililomwagwa kwa haraka baada ya ajali au lililochimbuliwa na wanakijiji wenyewe ili kuokoa watoto wa shule. Hilo ni jembamba kuliko nafasi kati ya magurudumu. Magurudumu ya mbele yakishavuka, tumbo linabaki juu ya tuta lote, na kila sentimita ya kimo chake inadaiwa na uwazi wa gari. Tuta la namna hiyo likiwa na sentimita 10, gari lenye sentimita 9 haliwezi kupita hata likiendeshwa kwa upole wa namna gani.

Namba hiyo ya 9 haikuokotwa. Japani, yanakotoka magari haya, ukaguzi wa lazima wa magari hauruhusu gari la kawaida liwe na uwazi wa chini ya sentimita 9. Kwa hiyo springi nyingi za kushushia zinazotengenezwa huko hupimwa ili gari libakie juu ya kiwango hicho. Kinachotosha kwa barabara za Yokohama ndicho kinachofika Mara kwenye boksi lenye maandishi ya Kijapani, na muuzaji hana namna ya kujua kwamba mteja wake anaishi ndani ndani Butiama.

Gunia mbili nyuma

Kuna kosa jingine ambalo wanaoshusha gari hulifanya karibu wote: wanapima gari likiwa tupu.

Gari la kila siku Mara haliendi tupu. Jumatatu lina watoto wanne na mama yao. Jumamosi linatoka sokoni na mahindi, na likirudi kutoka ziwani lina ndoo za samaki. Springi ya nyuma ya gari dogo inaweza kuwa na ugumu wa takriban nyutoni 20 kwa milimita. Ukiweka gunia mbili za kilo 100 juu ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya nyuma inashuka karibu sentimita 5, na katikati ya tumbo kunashuka kama nusu yake. Gari lililokuwa na sentimita 15, likashushwa 4, sasa limebaki na 8.5. Hapo hapo ndipo tuta la kijiji linapolisubiri.

Nini kinaguswa? Wakati mwingine ni bomba la moshi, na hilo fundi wa kuchomelea anaweza kulishughulikia. Wakati mwingine ni sampu ya oili. Ufa mdogo kwenye sampu hauonekani kwa dereva. Oili inadondoka kilomita kwa kilomita, taa nyekundu inawaka wakati injini imeshakauka, na anayeendelea kuendesha "ili afike tu" anafika injini ikiwa imenoki. Mfikirie mwalimu wa Nyamuswa aliyenunua gari kwa mkopo wa SACCOS. Makato yanaendelea kila mwezi, gari liko juu ya mawe nyuma ya nyumba, na ada ya mtoto wa sekondari inatafutwa upya. Hapo upendo wa gari la chini umegeuka ugomvi wa mume na mke, na ungeweza kuepukwa kwa sentimita 2.

Kwa nini shokapu

Afrika Mashariki ilishapata somo la shokapu zamani, na ililipata kwa mashindano. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo akiwa na Peugeot 404. Halikuwa gari lenye nguvu kubwa kuliko yote. Lilikuwa na springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu imara ambazo Peugeot ilikuwa ikizitengeneza yenyewe. Ndiyo maana 404, na baadaye 504, zilitawala kazi ya teksi na safari ndefu katika nchi hizi kwa miaka mingi. Barabara mbovu haikuzishinda kwa sababu gurudumu lilikuwa na pa kwenda, na kuna kitu kilikuwa kinalituliza likirudi.

Kushusha gari ni kuipunguza nafasi hiyo. Gari dogo lenye sentimita 8 za kupandia gurudumu, likishushwa 5, linabaki na 3. Kila shimo linaigongesha shokapu kwenye raba yake ya juu, raba inapasuka, sili inavuja, na baada ya hapo ni chuma kwa chuma. Mwenye gari anadhani springi ni ngumu. Ukweli ni kwamba springi haifanyi kazi tena, mwili wa gari umekalia kizuizi.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo aanze na swali lisilopendeza: shokapu zilizopo ziko hai? Gari lililotembea miaka 15 Japani na mingine mitano hapa huenda bado lina shokapu zake za kiwandani, na hizo zimechoka. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, achia. Likipanda na kushuka zaidi ya mara moja, shokapu imekwisha. Angalia kama fimbo yake ina unyevu wa oili. Tingisha gurudumu kwa mikono miwili gari likiwa kwenye jeki, usikilize boljointi, tairodi na bushi. Gari lenye bushi zilizokufa likishushwa litayumba zaidi, na mwenyewe atazilaumu springi.

Shokapu mpya nne za kampuni inayojulikana, kama KYB ya Japani ambayo maduka mengi ya spea huiuza, zitalibadilisha gari kuliko springi yoyote ya rangi nyekundu. Litakaa barabarani, litashika kona, halitapiga mbizi likifunga breki. Wapo watakaogundua kwamba hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta tangu mwanzo, na wataacha kimo cha gari kama kilivyo. Hilo nalo ni chaguo la heshima.

Springi za kununua

Kwa anayeendelea, yapo machaguo ya bei ya kawaida yasiyohitaji grainda.

La kwanza, ambalo safu hii inaliona kuwa bora kwa mfuko mdogo, ni seti ya mtumba kutoka toleo la michezo la gari lile lile. Toyota yenyewe ilitengeneza Vitz RS ikiwa ngumu na tulivu zaidi kuliko Vitz ya kawaida. Mark X ya 2004 ilikuwa na toleo la S. Crown Athlete ilifungwa tofauti na Crown Royal. Springi na shokapu za matoleo haya zilipimwa kwa pamoja na wahandisi wa kiwanda kwa ajili ya matumizi ya kila siku. Zinapatikana kwa wauzaji wa spea za mtumba Mwanza na Dar es Salaam, na anayejua kutafuta huzipata. Sharti ni moja: zichukuliwe zote, springi na shokapu, kutoka gari moja la ukoo huo huo wa chasisi, lenye injini ya uzito unaokaribiana. Kuchanganya mbele ya gari moja na nyuma ya jingine ni kurudi kwenye bahati nasibu.

La pili ni springi mpya za kushushia kutoka kwa watengenezaji wanaoandika vipimo vyao, kama Tanabe, RS-R na Tein wa Japani au Eibach wa Ujerumani. Zile zinazoshusha sentimita 2 hadi 3 zinaweza kuishi na shokapu nzima za kawaida kwa muda mzuri. Zinazoshusha 4 au 5 zinataka shokapu fupi, na hapo bei inaacha kuwa nafuu. Muuzaji asiyeweza kusema springi zake zinashusha kiasi gani, kwa gari gani, asinunuliwe kitu.

La tatu ni koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja ambazo kimo chake kinarekebishwa kwa kuzungusha. Vijana wanazipenda, na zina faida ya kweli: msimu wa mvua mtu anaweza kulinyanyua gari, kiangazi akalishusha. Tein, iliyoanzishwa 1985 na watu wa mbio za rali, ina matoleo ya bei ya wastani ya barabarani. Lakini vumbi la changarawe na matope huingia kwenye nyuzi za kurekebishia, na zisiposafishwa na kupakwa grisi hukamata kabisa. Koilova za bei ya kutupa zisizo na jina ni mbaya kuliko shokapu za kiwandani zilizo nzima. Bora kukaa bila.

Kuna imani kwamba gari kadiri linavyokuwa chini ndivyo linavyoshika kona. Ni kweli hadi mahali fulani. Kwenye magari haya madogo, mkono wa chini wa gurudumu la mbele ukishainamia juu kwa sababu gari limeshushwa mno, mwili wa gari huanza kulala zaidi kwenye kona, na ili kuuzuia mtu analazimika kuongeza ugumu wa springi. Sentimita 2 au 3 hazifiki huko.

Malipo yanayosahaulika

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza hapa ni alaimenti. Gari likishuka, magurudumu yanabadilisha mkao, hasa ya mbele. Asiyepima alaimenti siku ile ile ataona tairi zinakula upande wa ndani, mahali asipopaona akisimama nje, hadi waya utokeze. Tairi mbili mpya zinaweza kuzidi pesa yote aliyookoa. Kwa kuwa springi mpya hukaa kidogo baada ya kuanza kutumika, alaimenti ipimwe tena baada ya wiki chache, na pesa ya mara ya pili iwekwe kando tangu mwanzo.

Rimu kubwa ni gharama nyingine. Tairi ya 185/65 ina ukuta wa sentimita 12 wa kulinda rimu. Ya 205/45 ina 9. Katika mji wa Musoma, ambako mawe ya granaiti hujitokeza hata pembeni mwa mitaa, hizo sentimita 3 ndizo zinazoamua kama shimo litamalizika kwa mshtuko au kwa rimu iliyopasuka. Anayelazimika kuchagua kati ya rimu na shokapu asisite.

Wenye bima kubwa wakumbuke pia kumjulisha wakala wao. Bima inasimama juu ya mteja kueleza hali ya gari bila kuficha, na gari lililobadilishwa bila taarifa linaipa kampuni hoja siku ya madai. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, kwa upande wake, inadai gari liwe zima na salama. Springi iliyochomwa ni kitu ambacho mkaguzi anayejua kazi yake anakitambua kwa rangi ya chuma tu.

Nani asishushe

Lami inafika Butiama, na mtu anaweza kwenda kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere na gari la chini bila wasiwasi. Lakini lami ni uti wa mgongo tu. Mbavu zake, zile njia za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zinazoingia vijijini, nyingi ni za changarawe na udongo, na kwenye maeneo ya mbuga upande wa Bunda udongo wenyewe ni mweusi na wa kunata. Mvua ikinyesha, malori na matrekta huchimba mifereji miwili, katikati panabaki mgongo. Magurudumu ya gari dogo yanazama kwenye mifereji, tumbo linakalia mgongo, na gari linaogelea bila kwenda mbele wala nyuma. Hapo hakuna springi nzuri wala mbaya, kuna uwazi tu.

Kwa hiyo anayelala Kamunyonge na kufanya kazi katikati ya Musoma ana uhuru ambao daktari wa zahanati ya kijijini hana. Mwenye gari la kubeba abiria, yale yanayoitwa michomoko, asifikirie kushusha kabisa. Gari lake halina siku ya kwenda tupu, na watu sita au saba waliobanana ndani hawakumpa ruhusa ya kucheza na breki na springi. Yeye pesa yake iende kwenye shokapu za nyuma, na zibadilishwe kabla hazijavuja.

Kwa aliyebaki, yaani mwenye gari la familia, anayetembea zaidi kwenye lami na aliyeamua, njia rahisi ya kujua kama atajuta haihitaji kununua chochote. Ajaze familia yake yote garini siku ya Jumapili, aweke nyuma mzigo wa kawaida wa nyumbani, kisha fundi apime kwa futi kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo. Atoe sentimita 3. Kinachobaki kikiwa chini ya 10, gari hilo libaki lilivyo, na pesa ya springi inunue shokapu nne na alaimenti.